Moyo Unaposhindwa Kusukuma Damu: Nani Huokoka, na kwa Nini?

Katika mazungumzo ya kila siku maneno "mshtuko wa moyo" hutumika kwa mambo mengi. Mtu aliyepata habari mbaya husema kwamba moyo wake umeshtuka. Aliyeanguka ghafla akafa husemwa kuwa amekufa kwa mshtuko. Na magazeti hutumia maneno hayo hayo kwa maradhi yanayotokea pale mshipa mmojawapo wa kuulisha moyo unapoziba. Kwa wataalamu wa tiba neno mshtuko lina maana moja maalumu. Ni hali ambayo mzunguko wa damu umepungua mno hata viungo vya mwili havipati oksijeni ya kutosha kuendesha uhai. Hali hiyo yaweza kuletwa na kutokwa damu nyingi, na kuharisha sana kama katika kipindupindu, na vijidudu vilivyoenea katika damu, au na moyo wenyewe kushindwa kazi. Makala haya yanahusu aina hii ya mwisho, yaani mshtuko utokanao na moyo, hasa ule unaofuata shambulio la moyo. Kuziba kwa mshipa tutakuita shambulio. Kuporomoka kwa mzunguko wa damu tutakuita mshtuko.

Kati ya kila watu 100 wanaofikishwa hospitali wakiwa na shambulio kubwa la moyo, 5 hadi 10 huingia katika mshtuko. Idadi hiyo ni ndogo, lakini hali hiyo ndiyo sababu kuu ya vifo vya wagonjwa wa shambulio waliokwisha kufika mikononi mwa madaktari. Katika miaka ya 1960 wanane kati ya kila kumi walikufa. Siku hizi, hata katika hospitali zenye vifaa bora kabisa, hufa karibu nusu. Basi ni mambo gani yanayoamua nani ataingia katika nusu ya kwanza na nani katika nusu ya pili?

Bomba lenye nguvu ya wati moja

Tuanze na fizikia. Moyo ni bomba, na kazi ya bomba lolote yaweza kukadiriwa kwa kuzidisha shinikizo na kiasi cha kiowevu kinachopita kwa sekunde. Mtu mzima aliyepumzika ana wastani wa shinikizo la damu wa milimita 90 za zebaki hivi. Milimita moja ya zebaki ni sawa na paskali 133, kwa hiyo shinikizo hilo ni kama paskali 12,000. Moyo wake husukuma lita 5 kwa dakika, yaani meta za ujazo 0.000083 kwa sekunde. Tukizidisha tunapata wati 1. Nguvu inayotutembeza, kutulisha na kutufikirisha haizidi ile ya taa ndogo ya tochi, ila taa hiyo haizimwi usiku wala mchana.

Sasa tumchukue mgonjwa aliye katika mshtuko. Shinikizo lake la wastani limeshuka hadi milimita 60, na moyo wake unasukuma lita 3 tu kwa dakika. Hesabu ile ile inatupa wati 0.4. Mwaka 2004 watafiti waliochambua kumbukumbu za wagonjwa wa mshtuko waliona kwamba, kati ya vipimo vyote vya mwendo wa damu walivyovilinganisha, nguvu hii ya moyo ndiyo iliyohusiana zaidi na kufa au kupona. Walioshuka chini ya wati 0.53 walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Kitandani daktari hutumia alama zilizo rahisi zaidi. Shinikizo la juu la damu huwa chini ya milimita 90 kwa muda wa nusu saa au zaidi, au haliwezi kubaki juu ya hapo bila dawa. Pamoja na hayo huonekana dalili kwamba viungo vina njaa: mikono na miguu ni baridi na yenye jasho, mkojo hupungua chini ya mililita 30 kwa saa, na mgonjwa huchanganyikiwa au husinzia. Katika damu huzidi asidi laktiki, ile ile inayoongezeka katika misuli ya mwanariadha anayekimbia kwa kasi pasipo oksijeni ya kutosha. Tofauti ni kwamba mgonjwa huyu amelala kitandani, wala hakukimbia popote.

Duara linalojizungusha lenyewe

Kwa nini hali hii ikishaanza hushuka haraka hivyo? Jibu limo katika namna moyo unavyojilisha. Moyo haunyonyi chakula chake kutoka katika damu inayopita vyumbani mwake. Hulishwa na ateri zake maalumu zinazoanzia pale mshipa mkuu, yaani aota, unapotoka moyoni. Tena ukuta wa chumba cha chini cha kushoto, yaani ventrikali ya kushoto, hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati moyo unapolegea, kwa maana wakati wa kujikaza misuli huibana mishipa iliyomo ndani yake.

Mshipa mmoja ukiziba, sehemu ya msuli huacha kufanya kazi, na kiasi cha damu kinachosukumwa hupungua. Damu ikipungua, shinikizo katika aota hushuka. Shinikizo likishuka, hata zile ateri za moyo ambazo hazikuziba hupokea damu kidogo, na msuli uliokuwa mzima huanza kudhoofika. Mwili hujaribu kujitetea: hutoa adrenalini, moyo hupiga mbio, na mishipa midogo ya ngozi na ya matumbo hujibana. Lakini mapigo yakiwa ya haraka, muda wa kulegea hufupika, na ndio muda wa kulishwa. Na mishipa ikijibana, moyo dhaifu hulazimika kusukuma dhidi ya ukinzani mkubwa zaidi. Wakati huo huo damu hurundikana nyuma yake, mapafu hujaa maji, na oksijeni inayoingia katika damu hupungua. Utetezi uliofaa kwa mtu aliyejeruhiwa akatokwa damu humgeukia mwenye moyo uliojeruhiwa.

Kila tiba tutakayoitaja hapa chini ni jaribio la kulikata duara hili mahali fulani.

Kiasi cha msuli kilichokufa

Jambo la kwanza linaloamua hatima ya mgonjwa ni ukubwa wa jeraha. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 madaktari wa Marekani waliipima mioyo ya watu waliokufa kwa mshtuko, wakaona kwamba karibu wote walikuwa wamepoteza asilimia 40 au zaidi ya msuli wa ventrikali ya kushoto. Mara nyingi jeraha halikuwa moja. Kovu la shambulio la zamani lilijumlishwa na jeraha jipya. Ndiyo maana mtu aliyekwisha kupata shambulio hapo awali anaweza kuangushwa na jeraha dogo ambalo mwingine angelistahimili.

Aghalabu, katika visa kama vinne kati ya vitano, chanzo cha mshtuko ni udhaifu huu wa msuli. Katika visa vilivyobaki kunaweza kuwa na hitilafu ya kiufundi: kamba za vali zimekatika na damu inarudi nyuma, ukuta unaotenga ventrikali mbili umetoboka, au damu imevujia ndani ya mfuko unaouzunguka moyo na kuubana. Kuzitambua hitilafu hizi mapema ni jambo kubwa, maana dawa peke yake haziwezi kushona ukuta uliotoboka.

Mwaka 1967 Thomas Killip na John Kimball, madaktari wa New York, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 250 wa shambulio la moyo. Waliwagawa katika madaraja manne kwa kutumia macho, mikono na kipimo cha kusikilizia kifua tu. Wa daraja la kwanza hawakuwa na dalili ya moyo kuelemewa. Kati yao walikufa asilimia 6. Wa daraja la pili, waliosikika maji kidogo mapafuni, walikufa asilimia 17. Wa daraja la tatu, ambao mapafu yalijaa maji, asilimia 38. Na wa daraja la nne, waliokuwa katika mshtuko, asilimia 81. Madaraja hayo yangali yanatumika, na yanatukumbusha kwamba uchunguzi makini hauhitaji kila mara vyombo vya ghali.

Kuufungua mshipa

Ikiwa chanzo ni mshipa ulioziba, dawa yake ni kuuzibua. Lakini kuzibua kwa njia gani? Mwaka 1986 majaribio makubwa yaliyofanywa Italia, yakihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000, yalithibitisha kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, streptokinesi, hupunguza vifo vya shambulio la moyo. Hata hivyo, wagonjwa wa daraja la nne hawakufaidika: waliopewa dawa na wasiopewa walikufa sawasawa, kama asilimia 70. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni haya: dawa hupelekwa na damu, na shinikizo likiwa dogo mno, ni kidogo tu kinachofika penye donge na kupenya ndani yake.

Njia ya pili ni kuupanua mshipa kwa puto dogo lililo kwenye ncha ya mpira mwembamba, unaoingizwa kupitia ateri ya paja au ya mkono. Andreas Grüntzig aliifanya kwa mara ya kwanza katika ateri ya moyo wa binadamu mjini Zurich mwaka 1977. Siku hizi, baada ya kupanua, huachwa pale kitundu cha wavu wa chuma kinachozuia mshipa usijifunge tena. Njia ya tatu ni upasuaji wa kuunganisha mshipa mwingine ili damu ipite kando ya kizibo.

Je, mtu aliye mahututi kiasi hicho astahili kuhangaishwa kwa mambo haya, au aachwe kwanza apate nafuu kwa dawa? Swali hili liligawanya maoni ya madaktari kwa miaka mingi, na halikuweza kujibiwa kwa hoja peke yake. Kuanzia 1993 hadi 1998 wagonjwa 302 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilifunguliwa mishipa mara moja. Kundi la pili lilitibiwa kwa dawa, na kama mishipa ilifunguliwa, haikufunguliwa kabla ya saa 54 kupita. Baada ya siku 30 vifo vilikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na 56 katika la pili, tofauti ambayo kihesabu ingeweza kuwa ya bahati tu. Lakini watafiti waliendelea kuhesabu. Baada ya mwaka mmoja, kati ya kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa hai 47, na wa kundi la pili 34. Watu 13 zaidi katika kila 100 walikuwa wakiishi kwa sababu mshipa ulifunguliwa mapema. Mwalimu wa hisabati atapata hapa mfano mwema wa faida ya kutokatisha uchunguzi kabla ya wakati wake.

Inaonekana kwamba ukifungua mshipa mmoja, kufungua yote ni bora zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi wa mshtuko wana mishipa kadhaa iliyosongwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 ulikanusha dhana hiyo. Waliofunguliwa mshipa uliosababisha shambulio peke yake walikufa asilimia 43 ndani ya siku 30; waliofunguliwa mishipa yote papo hapo walikufa asilimia 52. Kazi ndefu humchosha mgonjwa, na dawa nyingi ya kuonyesha mishipa katika eksirei huielemea figo ambayo tayari ina njaa ya damu.

Uzito wa dakika

Msuli wa moyo haufi wote kwa mara moja. Majaribio yaliyofanywa kwa mbwa na kuchapishwa mwaka 1977 yalionyesha kwamba kifo huanzia tabaka la ndani la ukuta wa moyo na kuenea kuelekea nje katika muda wa saa kadhaa, kama moto unaosonga taratibu katika majani makavu. Kilichokwisha kuungua hakirudi, bali kilicho mbele ya moto chaweza kuokolewa.

Kwa mgonjwa wa mshtuko moto huo huenda kasi zaidi. Uchunguzi wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2018, uliohusu wagonjwa zaidi ya 12,000, ulipima hasara ya kuchelewa. Kwa wagonjwa ambao mzunguko wa damu ulikuwa imara, kila dakika 10 za kuchelewa ziliongeza chini ya kifo kimoja katika watu 100. Kwa wenye mshtuko, dakika 10 hizo hizo ziliongeza vifo zaidi ya 3.

Hali ya mgonjwa mwenyewe

Wagonjwa wawili wenye jeraha moja wanaweza kuwa na hatima mbalimbali. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walitunga kipimo cha alama chenye mambo sita: umri uliozidi miaka 73 (alama 1), kiharusi cha zamani (2), sukari ya damu iliyozidi milimoli 10.6 katika lita (1); kreatinini iliyozidi mikromoli 133 katika lita, dalili kwamba figo zinashindwa (1); asidi laktiki iliyozidi milimoli 5 katika lita (2); na damu kutopita sawasawa katika mshipa hata baada ya kufunguliwa (2). Waliopata alama 0 hadi 2 walikufa asilimia 24 ndani ya siku 30. Waliopata 3 au 4, asilimia 49. Na waliopata 5 au zaidi, asilimia 77.

Msomaji ataona kwamba mambo matatu kati ya sita, yaani sukari, figo na asidi laktiki, yanaeleza kadiri mwili mzima ulivyokwisha kuumizwa na uhaba wa damu. Mshtuko huanza kama ugonjwa wa moyo, lakini ukiachwa huwa ugonjwa wa viungo vyote, na hapo hata moyo ukitengenezwa huenda mwili usifufuke. Kadhalika mtu ambaye moyo wake ulisimama kabisa kabla ya kufika hospitali anaweza kupona moyo na kubaki na ubongo ulioharibika.

Umri nao wahitaji uangalifu. Wazee hufa zaidi. Lakini uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba wazee waliochaguliwa vizuri hufaidika na kufunguliwa mishipa. Kwa hiyo umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu tiba.

Dawa na mashine za kusaidia

Dawa za kuongeza shinikizo, kama noradrenalini, hununua muda, lakini bei yake ni kubwa: humlazimisha punda aliyechoka apande mlima. Hupandisha shinikizo huku zikizidisha haja ya moyo ya oksijeni. Ndiyo maana kwa muda mrefu imetafutwa mashine ya kuupumzisha moyo.

Ya kwanza kupata umaarufu ilikuwa puto la ndani ya aota, lililotumiwa na Adrian Kantrowitz huko Brooklyn mwaka 1967. Hujaa moyo unapolegea na kunywea moyo unapojikaza. Nadharia yake ni nzuri mno, na kwa zaidi ya miaka 40 lilitumika duniani kote. Hatimaye, mwaka 2012, lilijaribiwa kwa wagonjwa 600 waliogawanywa kwa bahati nasibu: vifo vilikuwa asilimia 40 kwa waliowekewa na 41 kwa wasiowekewa. Uzuri wa nadharia haukuokoa watu. Mwaka 2023 mashine inayotoa damu nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha, nayo haikuonyesha kupunguza vifo ilipotumiwa kwa wagonjwa wa aina zote za mshtuko uliofuata shambulio.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 kutoka Denmaki, Ujerumani na Uingereza yalileta matumaini. Pampu ndogo sana inayoingizwa ndani ya ventrikali na kuivuta damu hadi kwenye aota ilipunguza vifo vya siku 180 kutoka asilimia 58 hadi 46. Lakini wagonjwa walikuwa wamechaguliwa kwa uangalifu, na waliowekewa pampu walipata zaidi matatizo ya kutokwa damu, ya figo, na ya mguu kukosa damu.

Mafunzo kwetu

Vifaa tulivyovitaja ni haba katika Afrika Mashariki. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, huzibua mishipa ya moyo, lakini aishiye mbali huenda akasafiri siku nzima kuifikia. Kwa sababu hiyo sehemu ya kwanza ya tiba, yaani kutambua mapema, ina uzito mkubwa zaidi kwetu kuliko kwa wengine. Maumivu ya kubana kifuani yanayoenea begani, mkononi au taya, pamoja na jasho baridi na kukosa pumzi, si ya kungojewa hadi asubuhi, wala kuhesabiwa kuwa kichomi au vidonda vya tumbo kabla ya kupimwa umeme wa moyo. Wazee, wanawake na wenye kisukari huenda wasipate maumivu hayo ya kawaida, bali uchovu na pumzi fupi tu. Mikono ikiwa baridi, mapigo yakiwa ya haraka na hafifu, na mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kila dakika ina thamani.

Na kwa kuwa hata penye vifaa vyote nusu hufa, kinga ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko tiba zote: kuacha tumbaku, kupima na kutibu shinikizo la damu, na kudhibiti kisukari. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa moyo ukishakufa haujengeki.

Maswali kwa wanafunzi

1. Moyo wa mtu unasukuma lita 4 kwa dakika, na shinikizo la wastani ni milimita 70 za zebaki. Kokotoa nguvu yake kwa wati. Je, iko juu au chini ya 0.53?

2. Eleza kwa nini kuongeza kasi ya mapigo kunaweza kupunguza damu inayoulisha ukuta wa ventrikali ya kushoto.

3. Puto la aota lilitumika kwa miaka zaidi ya 40 kabla ya kujaribiwa kwa wagonjwa 600 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Ni makosa gani ya kufikiri yanayoweza kuwafanya watu wenye akili na nia njema waiamini tiba isiyopunguza vifo?